Upepo Wetu Tunaufungia Nje

Jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa London amemlipa mtaalamu wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga nyumba na vilivyomo, aje kumpangia nyumba. Mtaalamu huyo alizunguka chumba hadi chumba na dira yake, kisha akamwachia ushauri ambao mama yeyote wa makamo wa Unguja au Pemba angempa bila ya malipo: kitanda kiegemee ukuta wala kisinyooshane na mlango, kioo kisielekee kitandani, njia ya kuingilia isizibwe kwa viatu na masanduku, na mgeni anayesimama mlangoni asiione nyumba yote kwa mtupo mmoja wa jicho. Jirani alinisimulia haya kwa furaha na nami nilifurahi pamoja naye, lakini tangu hapo nina dukuduku, na ninalielekeza kwa watu wa kwetu.

Waliojenga Mji Mkongwe waliyajua mambo haya na wakayajengea kwa mawe. Katika nyumba nyingi za zamani za Kiponda au Sokomuhogo, ukishapita mlango wa nakshi unaingia dakani, yaani kijiukumbi cha mlangoni, na njia inapinda kabla ya kukufikisha katika uwanja wa ndani, hata mlango ukiachwa wazi anayepita nje haoni kitu. Nyumba za kale za Beijing zilizojengwa kuzunguka ua hufanya kazi hiyo hiyo kwa ukuta mfupi unaosimamishwa nyuma ya lango. Wao wanasema ukuta ule hutuliza mwendo wa qi, nguvu ya uhai wanayoamini kuwa hupita kila mahali. Sisi tulitaka sitara. Uwanja wetu wa ndani uko wazi kwa juu, kwa hiyo hewa ya moto hupanda na kutoka, na hewa iliyopoa katika vichochoro vyenye kivuli huvutwa ndani kuchukua nafasi yake. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita tatu, na chumba chembamba chenye madirisha pande mbili hupitwa na upepo kwa wepesi. Kuta nene za mawe na chokaa huchelewesha joto la mchana, na chokaa huiruhusu unyevu utoke, jambo ambalo plasta ya saruji hailifanyi.

Asidhani mtu kwamba nazungumzia nyumba za matajiri wa zamani peke yake. Nyumba ya kawaida ya Ng'ambo (nje ya Mji Mkongwe), ya Wete au ya Chake Chake ina ukumbi unaonyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba kulia na kushoto. Mtaalamu wa feng shui angeukataa unyoofu huo, kwani katika mafundisho yake kinachoingia kwa mlango mmoja kisikimbilie mlango wa pili bila ya kizuizi. Hapo nasimama na bibi zetu dhidi yake. Katika joto letu tunahitaji upepo ukimbie, na kwa ajili ya macho ya watu tuna pazia la mlangoni, ambalo huzuia jicho na kupitisha hewa. Sijaona katika duka lolote la vyombo vya nyumba hapa Uingereza kitu rahisi kinachofanya kazi mbili hizo kwa ustadi kama huo.

Sasa nikirudi likizo ninaona nini? Baraza zinavunjwa, viwanja vya ndani vinaezekwa na kugeuzwa vyumba, na nyumba mpya zinawekewa madirisha ya alumini ya kuteleza ambayo, hata yakifunguliwa mpaka mwisho, huacha wazi nusu tu ya nafasi yake. Ndani yake huingizwa seti ya makochi ya mahameli iliyobuniwa kwa ajili ya nchi za baridi, ikajaza ukumbi na kuziba dirisha lililobaki, na juu ya yote pazia zito la tabaka mbili. Kisha kinanunuliwa kiyoyozi. Nani kati yetu aliyesahau miezi ya giza, Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010? Nyumba isiyopumua bila ya umeme ni mzigo kwa wenyewe, na sisi ndio tunaoujua umeme wetu.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza nitaambiwa kwamba feng shui ni ushirikina wa Kichina na Muislamu hana haja nayo. Maandishi yake ya kale yanayonasibishwa na Guo Pu, mwanachuoni wa Kichina aliyefariki mwaka 324, yanahusu kwanza uchaguzi wa mahali pa kuzikia, na mambo ya bahati na utajiri yaliyomo katika mafundisho hayo mimi siyaamini wala simwiti mtu kuyaamini. Ninachokitetea ni ile hekima ya kulisoma jua na upepo wa mahali kabla ya kuweka jiwe la msingi. Sisi wenyewe hatujengi bila ya kuangalia mwelekeo: fundi wa Kizanzibari anajua kwamba Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja, na anakigeuza choo kisielekee kibla.

Tena kuiga dira ya Wachina kama ilivyo kungekuwa kosa. Wao hupenda nyumba itazame kusini kwa sababu kwao jua la baridi huwa upande huo na pepo kali za baridi hutoka kaskazini. Unguja iko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, jua hutupita karibu utosini, na adui yetu ni ukuta unaotazama magharibi saa tisa alasiri. Kaskazi hutuvumia kutoka kaskazini mashariki kuanzia Disemba hadi Machi, na Kusi hutoka upande wa kusini kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi. Nyumba yenye kuta ndefu na madirisha makubwa upande wa kaskazini na wa kusini hupata pepo zote mbili na huliepuka jua la asubuhi na la alasiri. Hesabu hii mabaharia wetu waliishi nayo karne nyingi.

Wa pili atasema, "Wewe umekimbilia Ulaya, unakaa nyumba ya kisasa, halafu unatutaka sisi turudi kwenye mikeka." Ndugu yangu, nyumba ninayokaa imefungwa kila upande kwa sababu joto la ndani linalipiwa, na ikifungwa mno bila ya hewa kuta huota ukungu, kwa hiyo hata wenyeji hapa huambiwa wafungue madirisha kila siku katikati ya baridi. Sikatazi vigae wala makochi, na mtu aliyetafuta chake kwa jasho ana haki ya kujenga apendavyo. Ninachouliza ni kwa nini hoteli za Mji Mkongwe ziweke kitanda cha besera na sanduku la njumu ili mgeni alipe fedha nyingi kulala humo, na sisi wenyewe tuvione ni vitu vya kimasikini. Mkeka wa ukindu wa Pemba haushiki joto, hutolewa nje ukakung'utwa, na ukikunjwa chumba kinabaki na nafasi.

Wezi na mbu ni hoja ya kweli, lakini nondo na wavu havizuii upepo kama kioo kinavyouzuia. Kwa hiyo wewe unayemimina msingi mwaka huu, iwe Fuoni, Mwanakwerekwe au Mkoani, kabla hujamlipa fundi wa alumini mwambie unataka madirisha ya bawaba yanayofunguka yote, uyaweke yatazamane kaskazini na kusini, na umwachie fundi mwashi nafasi ya kujenga baraza ya mbele yenye paa la kuikinga na mvua ya masika.