Maji au feni: kompyuta ya gemu kwenye chumba cha nyuzi 31

Picha za kompyuta zenye mabomba ya kung'aa na maji ya zambarau ndizo zinazowafanya vijana wengi wa Dar na Mombasa waanze kupiga hesabu za pampu na rejeta kabla hawajajua watanunua kadi gani ya picha. Picha hizo hazisemi kwamba maji hayatengenezi baridi. Kazi yake ni kulibeba joto kutoka kwenye prosesa na kadi ya picha, kulifikisha kwenye rejeta, na feni zikalitupa humo humo chumbani. Chumba kikiwa na nyuzi 31, kama ilivyo kawaida ya Februari kwetu pwani, hakuna mfumo wa maji wa aina hiyo utakaoshusha kitu chini ya nyuzi 31. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, mtu ajue analipia nini hasa.

Kwa prosesa peke yake, mimi sioni hoja. Ryzen 7 7800X3D, kipenzi cha wacheza gemu, imeandikwa wati 120, na kwenye gemu kwa kawaida haifiki hata 90. Joto lake ni bishi kutoka kwa sababu linazalishwa kwenye kipande kidogo cha silikoni ambacho AMD walikibebesha tabaka la kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi) juu yake (kwenye 9800X3D wameihamishia kashe chini, na mambo yamekuwa afadhali). Kizuizi kiko ndani ya chipu yenyewe, joto linakwama kabla halijayafikia maji. Kipoza cha hewa cha minara miwili, kama Thermalright Peerless Assassin ambacho Marekani hakifiki dola 50, kinatosha. Mwenye prosesa ya Intel, Core i9-14900K, inayoruhusiwa kupanda hadi wati 253, ana sababu nzuri zaidi, ila wati hizo utaziona kwenye kurenda video kuliko kwenye gemu.

Kadi ya picha ndiyo inayowapa watetezi wa maji nguvu. RTX 4090 ya Nvidia inakula hadi wati 450, na RTX 5090 hadi 575. Joto hilo lote linatoka kwenye kadi moja, na kulipoza kwa hewa watengenezaji wengi wamelazimika kufunga mapezi mazito yanayoziba nafasi tatu au zaidi kwenye madabodi. Maji yanalisambaza joto lile lile kwenye rejeta pana, feni zinazunguka taratibu, na kelele inapungua mno. Katika chumba chetu cha nyuzi 31, rejeta ikitosha, maji yatakaa kwenye 42 hivi na kadi karibu na 60. Kadi hiyo hiyo ikiwa na feni zake za kiwandani itacheza kwenye 75 au zaidi, huku ikivuma. Anayelala chumba kimoja na mdogo wake anajua thamani ya ukimya huo saa sita usiku.

Lakini kadi zote mbili, ya maji na ya feni, ziko salama, maana kikomo cha 4090 ni nyuzi 90. Kadi za Nvidia hupunguza kasi kidogo kidogo joto linapopanda, kwa hiyo ukizipoza unapata nyongeza ya asilimia chache tu. Bei ya mfumo kamili, yaani bloku mbili (vipande vya metali vinavyogandamizwa juu ya chipu, maji yakapita ndani yake), pampu, tangi, rejeta, feni na viungio, pamoja na usafirishaji, inaweza kukupandisha daraja zima la kadi. Mwenye RTX 4070, kadi ndogo zaidi, anayewaza kufunga maji angeuza hiyo 4070 akanunua kubwa zaidi, na angeiona tofauti kwenye skrini siku hiyo hiyo.

Kama bado unataka maji, anza na kadi, kesi na rangi vifuate. Bloku ya kadi hutengenezwa kwa ajili ya bodi maalumu: ya 4090 haiingii kwenye 5090, na hata 4090 za kampuni mbili tofauti zinaweza kuwa na bodi zisizofanana. Wako walionunua kadi kwa bei nzuri wakaja kugundua hakuna anayeitengenezea bloku. Na bloku ikipatikana leo, kesho huenda isipatikane: mwaka 2024 hata EKWB ya Slovenia, jina kubwa kabisa katika biashara hii, iliingia kwenye matatizo ya fedha yaliyofika hadi mishahara ya wafanyakazi. Nunua na oringi za akiba, vile vipete vya mpira vinavyozuia maji kuvuja.

Rejeta hukadiriwa kwa wati: kila nafasi ya feni ya milimita 120 ihesabie wati 100 hivi, ukitaka feni ziende taratibu. 4090 pamoja na prosesa ya wati 80 ni 530, yaani nafasi tano, rejeta moja ya milimita 360 (feni tatu) na nyingine ya 240 (feni mbili). Hapo ndipo unapotafuta kesi inayozimeza zote mbili. Mpangilio wa bomba, kwamba lipite wapi kwanza, usikuumize kichwa. Maji yakitembea lita nne kwa dakika na kubeba wati 600, yanapanda nyuzi mbili tu kutoka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko.

Pa kuumiza kichwa ni kwenye metali. Bloku nyingi ni za shaba iliyopakwa nikeli. Ukiziunganisha na rejeta rahisi ya alumini, alumini italiwa taratibu na uchafu wake utaziba mifereji myembamba ya bloku. Maji ya bomba au ya kisima chenye chumvi usiyaguse kabisa. Yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri yanaweza kuwa maji yaliyotoneshwa au yakawa tindikali, soma lebo, na hata yakiwa safi yanahitaji dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Mabomba magumu ya plastiki ya PETG huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, kwa hiyo kwa hali ya hewa yetu pampu ikigoma yanaweza kuchomoka. Bomba la mpira mweusi wa EPDM halina mvuto, lakini ndilo ningefunga.

Kabla ya kuwasha mashine, washa pampu peke yake, madabodi isipate umeme, zungushia kila kiungio karatasi nyeupe ya tishu ili uvujaji uonekane, uache izunguke usiku kucha.

Kuna hesabu moja zaidi ambayo wapenzi wa maji huiruka. Mashine ya wati 600 inamwaga chumbani joto la BTU 2,000 hivi kwa saa (BTU ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye AC), iwe imepozwa kwa maji au kwa feni. Kwenye chumba kidogo bila AC, baada ya saa mbili nyuzi 31 zitakuwa 34, na maji yatapanda pamoja nazo. AC ya BTU 9,000 inapoza kadi, prosesa na mchezaji mwenyewe. Kwa hiyo mwenye 5090, AC tayari ukutani, na asiyeona taabu kumwaga maji na kusafisha bloku kila mwaka, afunge maji. Wengine wote ningewaambia waanze na AC.