Kabla hujamwambia ajikaze, muulize CAT alipata ngapi

Kila matokeo ya chuo yanapotoka kuna ujumbe unaozunguka katika makundi ya wazazi huku kwetu Nakuru, na wiki hii umerudi tena. Unasema mtoto aliyeingia chuo na A- ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, kisha akaleta C na D mwaka wa kwanza amelewa uhuru, na dawa yake ni kukatiwa pesa za matumizi mpaka apate adabu. Chini yake watu wameandika amina, amina. Mimi siitikii amina. Kuna vijana kule wanakopanga wanafunzi, Njokerio, Luanda na Lurambi, wanaousoma ujumbe huo wakiwa wamejifungia chumbani, na hata wenzao wa chumba hawajui kwamba wana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia masomo waliyoanguka.

Tuanze na alama zenyewe, maana nyumba nyingi zinaomboleza kabla ya kujua zinaomboleza nini. Katika vyuo vyetu vingi, 70 kwenda juu ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya 40 umeanguka. Wastani wa 62 ukiushikilia hadi mwisho unakupa digrii ya daraja la pili la juu. Mzazi aliyezoea ripoti ya shule ya upili akiona 62 anauliza zile 38 zimeenda wapi. Mwambieni kwamba chuoni A inaanzia 70, na mwenye 55 amepita bila deni lolote.

D ya 46 je? Hiyo inauma, na ina haki ya kuuma. Ila ushauri anaopewa mwenye 46 nyumbani, kanisani na hata chuoni ni uleule: jikaze, soma kwa bidii, muombe Mungu. Haumwambii afanye nini Jumatatu asubuhi. Basi anakesha. Anasoma notisi zilezile za darasani kwa njia ileile, saa nyingi zaidi, na muhula unaofuata analeta 47.

Hapa ndipo ninapong'ang'ania. Hiyo 46 ni jumla, na jumla haikuambii chochote mpaka uifungue. Ndani yake kuna CAT, yaani majaribio na kazi za katikati ya muhula, kwa kawaida alama 30, na mtihani wa mwisho, alama 70. Uniti (masomo ya muhula) nyingine, hasa zenye maabara, hugawanywa 40 kwa 60. Chukua wanafunzi wawili wenye 46 katika uniti moja. Wa kwanza ana 10 za CAT na 36 za mtihani. Wa pili ana 25 za CAT na 21 za mtihani. Potali, ile tovuti ya chuo ya matokeo, inawaandikia wote D, na mzazi anawafokea wote kwa maneno yaleyale, ilhali hawana tatizo moja.

Wa kwanza mtihani aliuweza, kwa sababu 36 kati ya 70 ni zaidi ya nusu. Kilichomshusha ni CAT, na CAT za mwaka wa kwanza hupotea kwa njia zinazojulikana. Amefika chuo wiki ya tatu au ya nne akingoja karo au chumba, na CAT ya kwanza ikamkuta hajapata hata notisi. Au kazi ya kikundi ilipelekwa kwa mhadhiri jina lake likiwa halimo, kwa kuwa aliyeichapa hakuwa na namba yake ya usajili. Au CAT ilitangazwa usiku katika kundi la WhatsApp la darasa, ikafanywa asubuhi, na yeye hakuwa na bando. Kumwambia huyu asome hadi saa nane za usiku ni kumtibu mguu ilhali mkono ndio umevunjika. Anachohitaji ni kuripoti siku ya kwanza, kuwa katika kundi la kila uniti na sio la kozi peke yake, na kuwa na rafiki mmoja wa kumpigia simu CAT ikitangazwa. Akikosa CAT kwa ugonjwa, achukue barua ya hospitali siku hiyohiyo na aipeleke kwa mhadhiri wiki hiyohiyo, maana baada ya hapo wengi hawasikilizi, na wana sababu.

Wa pili ana shida nyingine kabisa. Kupata 25 kati ya 30, halafu 21 kati ya 70, kunamaanisha moja kati ya mambo mawili. Ama CAT aliifanyia nyumbani au aliiga kwa jirani, kwa hiyo zile 25 hazikuwa zake, ama anayajua mambo lakini hajui kuuandika mtihani wa chuo. Kwa la kwanza dawa ni moja: aache kuiga, na mwakenya, kile kikaratasi cha majibu kinachofichwa, asiuguse, kwa sababu adhabu yake ni kubwa kuliko sapu yoyote. La pili ndilo halizungumzwi, na kwa maoni yangu linawaangusha wengi waliokuwa hodari shuleni.

Mtihani wa kawaida wa chuo ni wa saa mbili. Swali la kwanza ni la lazima, alama 30. Halafu unachagua mawili mengine, alama 20 kila moja. Dakika 120 kwa alama 70, yaani dakika moja na sekunde arubaini hivi kwa kila alama. Swali la kwanza lipe dakika 45, kila moja ya yale mawili lipe 30, na 15 zinazobaki ni za kusoma karatasi mwanzoni na kupitia majibu mwishoni. Sasa angalia kinachotokea kwenye karatasi yenyewe. Swali la kwanza, sehemu ya (c), linasema taja tofauti mbili kati ya hiki na kile, alama 4. Ni alama mbili kwa kila tofauti: sentensi moja, na mfano ukipenda. Mwanafunzi anaijua mada hiyo vizuri mno, basi anaandika ukurasa mzima na nusu, anachora na mchoro, anamaliza dakika 18. Anapata 4, kwa sababu hakuna ya tano ya kupewa. Akifika swali la mwisho amebaki na dakika 12 za alama 20. Anaandika kwa vidokezo, mwandiko umevurugika, anapata 5. Akitoka nje anawaambia wenzake mtihani ulikuwa rahisi, na anasema kweli.

Halafu kuna anayejibu maswali manne pale alipoambiwa matatu, akidhani mhadhiri atachukua yaliyo bora. Mara nyingi yanasahihishwa yale ya kwanza kwenye kijitabu na la mwisho linaachwa. Na kuna anayeambiwa jadili, naye anataja. Swali la alama 20 linalotaka ujadili mambo matano lina alama 4 kwa kila jambo, na hizo 4 hazitoki kwa kulitaja tu: lipe jina, lieleze, toa mfano, kisha useme lina uhusiano gani na swali. Anayeorodhesha mambo kumi kwa mstari mmoja mmoja huambulia 7 au 8 na kuamini mhadhiri anamchukia.

Haya hayatibiwi kwa kukesha. Yanatibiwa kwa karatasi za mitihani iliyopita, ambazo ziko maktaba na kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, na kwa kuzifanya ukiwa na saa mezani na kalamu mkononi. Kuzisoma tu umelala kitandani hakusaidii. Karatasi tatu kwa kila uniti, saa mbili kila moja, kabla ya wiki ya mitihani. Mkiwa kikundi, watu wanne au watano wanatosha. Mkifika kumi ni mkutano wa hadhara.

Kuna mahali pengine alama huvuja kimyakimya, nako ni kwenye zile uniti za pamoja: stadi za mawasiliano, masomo ya UKIMWI, masomo ya maendeleo. Watu mia kadhaa ukumbini, kipaza sauti kibovu, na fresha, mwanafunzi mgeni, anajiambia kwamba yeye alikuja kusoma uhandisi au uuguzi. Lakini kwenye wastani uniti hiyo kwa kawaida ina uzito uleule wa kalkulasi. Ukiwa na uniti 14 kwa mwaka, kupandisha tatu za aina hii kutoka 45 hadi 65 kunaongeza alama 60 kwenye jumla, yaani wastani unapanda kwa alama 4.3. Aliyekuwa na 46 anavuka 50 bila kugusa somo gumu hata moja. Mimi ningekuwa na mdogo wangu mwaka wa kwanza, ningemwambia aanzie hapo.

Na wastani mbaya wa mwaka wa kwanza haujafunga mlango. Tuseme kozi ni ya miaka minne, chuo kinahesabu kila mwaka sawa, nawe una 48. Ili umalize na 60 unahitaji wastani wa 64 katika miaka mitatu iliyobaki. Ni kazi, ila inawezekana. Ili umalize na 50 unahitaji chini kidogo ya 51. Kwa daraja la kwanza ungehitaji zaidi ya 77 miaka yote mitatu, na hapo sitakudanganya: ni vigumu mno. Vyuo na vitivo vingine huupa kila mwaka uzito wake, basi soma kijitabu cha kanuni za mitihani ulichopewa ulipojiunga, kile ambacho wengi hawajawahi kukifungua.

Nakubali, maana ni kweli, kuna waliokula raha. Wapo waliopeleka mkopo wa masomo wa HELB kwenye kamari. Hao waambiwe ukweli bila kupakwa mafuta. Kuna pia waliowekwa kwenye kozi wasiyoitaka, na hao waulize mapema kuhusu kuhama, kwa sababu dirisha la uhamisho hufungwa upesi na kozi mpya itataka alama zake za KCSE.

Lakini kumkatia mtoto pesa za matumizi? Fikirini hesabu yake. Akikosa pesa ya chakula anatafuta kibarua: kuosha vyombo kibandani, kuuza mitumba, kubeba abiria kwa pikipiki ya mwenzake jioni. Kibarua hakijui ratiba ya CAT. Kipindi cha saa moja asubuhi kinampita, mahudhurio yanashuka chini ya kiwango, na kuna vyuo ambavyo ukiwa chini ya theluthi mbili, au robo tatu, hufanyi mtihani. Mzazi anayetaka D ziishe anakuwa amezipalilia kwa mkono wake mwenyewe.

Mama, baba, mkipiga simu ulizeni hivi: ni uniti zipi, CAT ulipata ngapi kwa kila moja, ulimaliza maswali yote, sapu ni lini. Na wewe komredi, usingoje wakuone kwenye potali. Piga simu useme, "Mama, nimeanguka uniti mbili. Moja nilikosa CAT, nyingine sikumaliza mtihani. Sapu naifanya kabla ya muhula kuanza, na ninahitaji nauli." Mzazi akipewa habari mbaya ikiwa na mpango ndani yake, huwa ana cha kushika.

Kama umefika mahali hulali, huli, au unawaza kwamba afadhali usiwepo, hesabu zote hizi ziache kando kwanza. Nenda kwa mshauri nasaha aliye chini ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Fanya hivyo leo. Alama hazikimbii, nawe tunakutaka ukiwa hai.

Limebaki la sapu na alama zisizoonekana, na haya yanaharibikia kwenye uzembe wa makaratasi. Nafasi tupu kwenye potali si kuanguka. Huenda hukusajili uniti, huenda hukutia sahihi kwenye orodha ya mtihani, huenda namba ya usajili kwenye CAT ilikosewa tarakimu moja, au mhadhiri hajawasilisha. Anza kwa mhadhiri ukiwa na karatasi ya CAT iliyosahihishwa na kadi ya mtihani iliyotiwa sahihi, kisha uende kwa afisa wa mitihani wa idara, kisha kwa mwenyekiti wa idara, na kila unapoacha barua baki na nakala yenye muhuri. Fanya hivyo muhula huuhuu. Wanaongoja mwaka wa nne humkuta mhadhiri alishahamia chuo kingine, majina ya wanaohitimu yanachapishwa na lao halimo.

Sapu nayo, katika vyuo vingi, hata ukipata 80 huandikiwa 40, kwa hiyo usiitumie kutafuta wastani. Itumie kufuta deni. Uliza idara kama CAT yako ya zamani inahesabiwa au mtihani unasahihishwa kwa 100 peke yake, maana hilo linabadilisha unavyojiandaa. Mara nyingi lazima ujisajili na ulipie kabla ya tarehe iliyobandikwa. Ikikupita, unaingoja uniti hiyo mpaka ifundishwe tena, na ukiirudia mwaka wa pili itagongana na ratiba ya masomo mapya.