Saketi za superkondakta ni za kwanta kweli, lakini kompyuta bado iko njiani

Tarehe 7 Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Fizikia imekwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa majaribio waliyoyafanya katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1984 na 1985. Walionyesha kwamba saketi ya umeme, kitu unachoweza kukishika mkononi, hufuata kanuni za kwanta, yaani zile zinazotawala vitu vidogo kama atomi: hupenya kizuizi cha nishati ambacho kwa kanuni za kawaida haina nguvu ya kukivuka, na kwamba hupokea nishati kwa vipande maalumu tu. Saketi za ukoo huo ndizo leo zinazotumika kama kyubiti, yaani kipande cha msingi cha kompyuta ya kwanta, katika mashine za Google na IBM.

Tuzo hiyo imechochea upya mabishano ya siku nyingi. Wako wanaosema jambo limekwisha: sayansi imethibitishwa, kwa hiyo kompyuta za kwanta zimefika. Wako wanaojibu kwamba haya ni maneno ya kuvutia wawekezaji, na baadhi yao huenda mbali zaidi wakadai kwamba ndani ya majokofu yanayohifadhi mashine hizo hakuna kwanta yoyote, ni elektroniki za kawaida zilizopozwa sana. Nimefuatilia hoja za pande zote mbili kwa makini, na naona kila upande unachukua ushahidi wa swali moja na kujibia swali jingine. Kama saketi ni ya kwanta ni swali moja. Kama inaweza kukokotoa kitu chenye faida ni swali jingine kabisa, na ushahidi wa la kwanza haulitatui la pili.

Tuanze na kilichomo kwenye chipu. Alumini ikipozwa chini ya kelvini 1.2, yaani nyuzi 272 hivi chini ya sifuri, elektroni zake hushikana jozi jozi na umeme hupita bila ukinzani wowote: imekuwa superkondakta. Jozi zote hutembea kama kitu kimoja, na hali yao nzima huelezwa kwa namba moja inayoitwa awamu. Ukitenganisha vipande viwili vya alumini kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita moja au mbili, unapata kiungo cha Josephson, kilichopewa jina la Brian Josephson, ambaye mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa miaka 22 pale Cambridge, alitabiri kwamba jozi zitapenya utando huo hata bila volti. Saketi ya kapasita na koili ya kawaida ina ngazi za nishati zilizopangana kwa umbali sawa, hivyo huwezi kuzitenga mbili ukafanya nazo kazi. Kiungo hiki huvuruga usawa huo. Mapigo ya maikrowevu ya gigahezi 5 hivi yanaweza kuipandisha saketi kutoka ngazi ya chini kabisa hadi ya pili bila kuisukuma hadi ya tatu. Ngazi hizo mbili ndizo kyubiti.

Tatizo ni joto. Kipande kimoja cha nishati ya gigahezi 5 ni sawa na joto la kelvini 0.24, kwa hiyo chipu lazima ikae kwenye kelvini 0.01 au 0.02, ndani ya jokofu linalochanganya heliamu-3 na heliamu-4. Ikipata joto kidogo tu zaidi ya hapo, saketi inarukaruka yenyewe.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya wenye shaka ilipoanzia, na ilikuwa hoja nzuri. Mwaka 1981 tayari kulikuwa na vipimo vilivyoonyesha kwamba kiungo cha Josephson kinachopitishiwa umeme hukaa bila volti kwa muda, kisha ghafla hutoroka na volti kutokea. Ukipoza, kutoroka kunapungua, kwa sababu joto ndilo linalokirusha juu ya kizuizi. Lakini ukizidi kupoza, unafika mahali ambapo kutoroka hakupungui tena. Je, hapo kimepenya kizuizi kwa njia ya kwanta? Au ni kelele tu za umeme zinazoteremka kwenye nyaya kutoka vyombo vya chumbani na kukisukuma? Mchoro wa vipimo ni uleule kwa maelezo yote mawili.

Kazi ya Berkeley ninaiheshimu hasa kwa jinsi ilivyolikabili swali hilo. Nyaya zilipitishwa kwenye vichujio vilivyojazwa unga wa shaba ili kuzimeza kelele za maikrowevu. Kisha wakafanya jaribio la kujikagua: kwa kutumia uga wa sumaku walipunguza kiwango cha umeme ambacho kiungo kilekile kinaweza kubeba, hadi kikawa katika hali ambayo nadharia inasema kitii joto tu. Kama kelele ndizo zilizokuwa zikidanganya, zingeonekana hapa pia. Hazikuonekana. Kutoroka kulishuka pamoja na joto kama kanuni za kawaida zinavyotaka. Waliporudisha kiungo katika hali ya kwanza, kutoroka kulikoma kushuka pale hasa nadharia ya kwanta ilipotabiri. Walipokipiga kwa maikrowevu, kilitoroka kwa wingi kwenye masafa fulani tu, yale yanayolingana na ngazi za nishati.

Hata hivyo, upinzani haukuishia hapo. Mwaka 2004 na 2005, Niels Grønbech-Jensen wa chuo kikuu cha Davis, si mbali na Berkeley, pamoja na wenzake walikumbusha jambo ambalo kila mwanafizikia wa fani hii analijua: hesabu ya kiungo cha Josephson ni ileile ya bembea yenye msuguano inayosukumwa kwa vipindi. Waliipiga hesabu hiyo kwa kanuni za kawaida tupu, bila kwanta, wakapata vilele vinavyofanana na vile vilivyohesabiwa kuwa alama ya ngazi za nishati, pamoja na mawimbi ya kupanda na kushuka yanayofanana na yale yanayotumika kuonyesha kyubiti inatii amri. Wengi waliipuuza hoja hiyo, na nadhani walikosea kuipuuza. Grønbech-Jensen hakuthibitisha kwamba saketi si za kwanta. Alichothibitisha ni kwamba mchoro mmoja wa mawimbi hautoshi kuwa ushahidi, na kwamba anayedai kwanta alete jaribio ambalo bembea haiwezi kulifaulu kamwe.

Majaribio hayo yalikuja. Mwaka 2009 kundi la Santa Barbara, ambako Martinis alikuwa akifundisha, lilitumia kyubiti kujenga ndani ya saketi ya maikrowevu hali zenye idadi kamili ya vipande vya nishati, likazipima na kukuta kile ambacho hesabu ya kawaida hairuhusu: sehemu za ramani ya hali zenye thamani chini ya sifuri. Uwezekano wa kawaida hauwezi kuwa hasi. Mwaka huohuo kundi hilo lilivuka kwa kyubiti mbili kikomo cha Bell, yaani kiwango cha juu cha kulingana ambacho vitu vya kanuni za kawaida vinaweza kufikia, ingawa zilikuwa jirani kwenye chipu moja, na mtu angeweza kusema zimenong'onezana.

Jibu la mwisho, kwa maoni yangu, lilitoka Zürich mwaka 2023. Kundi la Andreas Wallraff katika chuo cha ETH liliweka kyubiti mbili kwenye majokofu mawili yaliyounganishwa kwa bomba la mita 30, lililopozwa karibu na sifuri kamili kwa urefu wake wote. Mwanga huhitaji nanosekunde 110 hivi kutoka kyubiti moja hadi nyingine, na vipimo vilikamilika kabla ya muda huo kwisha, kwa hiyo hakuna ujumbe wowote ungeweza kupita kati yao. Vitu vinavyotii kanuni za kawaida haviwezi kupata zaidi ya 2 katika jaribio la Bell. Baada ya marudio zaidi ya milioni moja, saketi zilipata 2.0747, na ukosefu wa uhakika wa 0.0033. Ziada ni ndogo kwa macho, lakini ni zaidi ya mara 20 ya ukosefu huo. Hakuna bembea mbili duniani zinazoweza kufanya hivyo. Anayeendelea kudai kwamba saketi hizi ni elektroniki za kawaida hana budi kulijibu jaribio hili, na sijaona aliyelijibu.

Kwa upande wa pili, wapenzi wa teknolojia hii nao wana la kujibu. Hupenda kusema kwamba mabilioni ya elektroni zimo katika hali mbili kwa wakati mmoja, kana kwamba kitu kizima kikubwa kimegawanyika. Mwaka 2010 watafiti Jan Korsbakken, Frank Wilhelm na Birgitta Whaley walikokotoa ni elektroni ngapi hasa zinazotofautiana kati ya hali hizo mbili katika saketi zenye mkondo unaozunguka kulia na kushoto kwa pamoja. Walipata makumi katika baadhi ya majaribio, na elfu chache katika jaribio kubwa kuliko yote. Sababu ni kwamba elektroni haziwezi kutofautishwa moja na nyingine, na mkondo ukigeuka, nyingi hubaki katika nafasi zilezile. Saketi ni ya kwanta, naam. Lakini ukubwa wa kile kilicho katika hali mbili ni mdogo sana kuliko ukubwa wa saketi yenyewe, na picha za paka aliye hai na mfu kwa pamoja, mfano maarufu wa kuelezea kwanta, zinapotosha.

Sasa twende kwenye ukokotoaji, ambako wenye shaka wamesimama imara zaidi. Mwaka 2019 Google ilisema chipu yake ya Sycamore yenye kyubiti 53 imefanya kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa kuliko zote ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM ilijibu kwa makadirio: siku 2 na nusu zingetosha. Baadaye watafiti wa China waliifanya kazi hiyo kwa saa 15 hivi wakitumia vichakato 512 vya picha. Mwaka 2023 IBM yenyewe ilitangaza kwamba chipu ya Eagle yenye kyubiti 127 imefikia kiwango cha manufaa, na wiki chache tu baadaye watafiti wengine wakaiga jaribio hilo kwa kompyuta za kawaida. Mtindo huu umejirudia kiasi kwamba tangazo lolote la ushindi nalisoma nikisubiri jibu lake. Ila haki ni haki: kuiga matokeo kwa kompyuta ya kawaida hakuonyeshi kwamba saketi haikuwa ya kwanta. Kunaonyesha kwamba kazi iliyochaguliwa haikuwa ngumu kama ilivyodhaniwa.

Hoja nzito zaidi ni ya mwanafizikia Mikhail Dyakonov na ya mwanahisabati Gil Kalai. Dyakonov anasema kudhibiti idadi kubwa namna ile ya thamani zinazobadilika bila kukatika ni kazi isiyowezekana. Kalai anasema kelele katika mifumo hii zitazuia daima usahihishaji wa makosa, hata wahandisi wawe hodari vipi. Madai yao yanapimika, na hilo ndilo linalonifanya niwaheshimu. Kwa Kalai, kipimo kimeanza kutoka. Mwishoni mwa 2024 Google ilionyesha kwa chipu ya Willow kwamba ukiongeza kyubiti katika msimbo wa kusahihisha, makosa yanapungua badala ya kuongezeka: kila hatua ya kukuza msimbo iliyapunguza kwa mara 2.14. Kyubiti ya pamoja, iliyoundwa kwa kyubiti 101, iliishi mikrosekunde 291, wakati kyubiti bora kabisa ya chipu hiyo iliishi 119. Hili lilikuwa likitafutwa tangu miaka ya 1990, na mtu aliyesema haliwezekani kimsingi anapaswa kuukiri ushahidi huo. Katika tangazo lilelile kulikuwa na dai kwamba chipu hiyo imefanya kwa dakika 5 kazi ambayo ingeichukua kompyuta kubwa miaka ambayo idadi yake ina sifuri 25. Magazeti yakaliandika hilo, na usahihishaji wa makosa, ambao ndio habari yenyewe, ukapewa mstari mmoja.

Lakini tazama namba za ndani. Kyubiti hiyo ya pamoja hukosea mara 1 hivi katika kila mizunguko 700 ya usahihishaji. Waandishi wenyewe wanakadiria kwamba kufikia kosa 1 katika mizunguko milioni kunahitaji kyubiti 1,457 kwa kila kyubiti moja ya pamoja. Craig Gidney wa Google alikadiria mwaka 2025 kwamba kuvunja msimbo wa RSA wa biti 2,048, unaotumika kulinda siri mtandaoni, kunahitaji kyubiti zisizofika milioni 1 kwa muda usiozidi wiki, wakati mwaka 2019 yeye na mwenzake walikadiria milioni 20. Makadirio yanashuka haraka, na ndiyo maana taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa mwaka 2024 misimbo mipya ya siri. Ila kutoka kyubiti 105 za Willow hadi laki kadhaa ni safari nyingine, yenye nyaya, majokofu na mambo yasiyosahihishika kirahisi. Mojawapo ni miale kutoka angani: chembe moja ikigonga chipu, kyubiti nyingi hukosea kwa pamoja, na usahihishaji hutegemea makosa yasiyofuatana hivyo. Katika chipu ya zamani ya Google dhoruba hizo zilitokea kila sekunde 10 hivi. Katika Willow, baada ya viungo kusanifiwa upya, zimebaki za aina nyingine, takriban moja kwa saa, na chanzo chake hakikuwa kimeeleweka ripoti ilipotoka.

Kwa hiyo nikiulizwa nasimama wapi, nasema hivi: mjadala kama saketi ni za kwanta naufunga, na naufunga kwa ushahidi wa Zürich, wala si kwa heshima ya Nobel. Mjadala wa kompyuta siufungi. Nitaanza kuamini siku kyubiti mbili za pamoja zitakapofanya hesabu kati yao mara milioni bila kukosea, kwenye mashine ambayo watu wa nje ya kampuni wameruhusiwa kuipima. Hadi hapo, kila mara itakapotangazwa idadi ya kyubiti, nitatafuta kwanza kiwango cha makosa, na kisipoandikwa nitaliweka tangazo hilo kando.