Siku ya Kuvuka Mpaka na Shanta Mgongoni

Kwenye ramani ni kilomita 200. Msafiri mgeni anazigawa kwa mwendo wa basi, anapata saa nne, anajiambia chakula cha mchana atakula ng'ambo. Jamani! Ramani haijawahi kupanga foleni. Katikati ya hizo kilomita 200 kuna madirisha ya vioo, kila dirisha lina mtu, kila mtu anataka kitu, na kitu hicho kiko chini kabisa ya shanta lako.

Aliyebuni shanta linalofunguka juu tu, huyo hakuwahi kuulizwa cheti cha chanjo. Ulichokitia kwanza ndicho kitakachotakiwa kwanza. Unatoa taulo, unatoa kandambili, unatoa soksi ambazo hukukusudia umma uzione, na nyuma yako watu wanakohoa kikohozi cha makusudi. Dawa yake ni nyepesi: karatasi zote zikae kwenye kipochi cha kuvaa kifuani. Pasipoti, cheti cha homa ya manjano, tiketi ya kuondokea iliyochapishwa, anwani ya pa kulala, na kalamu. Kalamu mbili. Fomu za kuingilia ziko mezani mamia kwa mamia, kalamu ya ofisi ni moja, imefungwa kamba na haina wino. Ukitoa yako umeshakuwa ofisi ya kalamu, na hiyo hamtaonana tena. Ndiyo maana nikasema mbili.

Sasa pasipoti. Inaisha Desemba, leo ni Agosti, roho imetulia. Itulie kwa lipi? Nchi nyingi zinataka iwe imebakiza miezi sita. Nyingine zinahesabu tangu siku ya kuingia, nyingine tangu siku ya kutoka. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka miezi mitatu baada ya kutoka, tena kitabu kiwe kimetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo kitabu cha miaka 10 kinafanya kazi miaka tisa na nusu, na hiyo nusu nyingine umelipia pambo. Kuna na kurasa: wengine wanadai mbili tupu, ilhali afisa wa mpaka uliopita alifungua ukurasa mweupe pee, akagonga muhuri katikati, kimshazari, na pembeni mwa ule wa jana palikuwa na nafasi ya kugonga mitatu.

Cheti cha homa ya manjano nacho kina fitina zake. Chanjo inatambuliwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa juzi na kusafiri leo ni kuumia bure. Nafuu ni kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikiwa miaka 10. Wewe unalijua hilo. Shirika la Afya Duniani linalijua. Omba na wa dirishani awe analijua. Tena usiangalie unakotoka tu, angalia na unakopitia, maana kukaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo hukufanya, machoni pa nchi nyingi, mtu aliyetoka huko.

Lakini kero iliyonishinda kuimeza ni tiketi ya kuondokea. Hujafika, watu wanataka kujua unaondoka lini! Karibu ni ya wapi hiyo? Na anayeuliza wala si uhamiaji wa uendako. Ni mhudumu wa kaunta ya ndege huko unakoanzia. Kumkasirikia hakusaidii. Ukikataliwa kuingia, shirika lake ndilo linalopaswa kukurudisha, na mara nyingi linapigwa faini juu yake. Kwa hiyo anafungua Timatic, hifadhidata ambamo mashirika ya ndege husoma masharti ya kila nchi, na kilichoandikwa mle ndiyo imani yake. Maelezo yako kwamba utatoka kwa basi, siku utakayochoka, ni ya kweli na hayamhusu. Anataka jina lako na tarehe. Tiketi ya basi ya bei ndogo ya kuvukia mpaka wa mbele hukubaliwa mahali pengi, au ya ndege inayorudishiwa pesa. Tiketi ya kughushi ni kosa la jinai, na haifai hata kuitania.

Ukishinda kaunta, mizani inakungoja. Kilo saba za mkononi, na shanta la lita 55 likiwa tupu linakaribia kilo mbili. Hapo ndipo unapowaona watu wazima wenye akili zao wamevaa makoti matatu, mifuko imevimba chaja na vitabu, wanatoka jasho, kwa sababu kinachopimwa ni begi, mtu hapimwi. Shanta likienda tumboni mwa ndege, ikunje mikanda yake na kuifunga, kwani mkanda unaoning'inia hunaswa na mashine ya mizigo, na katika mvutano huo mashine haijawahi kushindwa.

Kwenye ukaguzi, mililita 100 ni za chombo, si za kilichomo. Tyubu ya dawa ya meno ya mililita 150, iliyokamuliwa mpaka imebaki ya asubuhi moja, inakwenda pipani. Sheria hii ilianza 2006, na sasa baadhi ya viwanja vimefunga mashine mpya na kuilegeza. Baadhi! Unapita na chupa yako kubwa kwa maringo huku, ukibadilisha ndege kule wanaichukua. Betri ya akiba ndiyo kinyume: haitakiwi tumboni mwa ndege, lazima ukae nayo, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Imeandikwa mAh 20,000? Zidisha kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata 74, pita. Ila kama maandishi yamefutika kwa kusuguana na funguo, hesabu yako utamalizia nyumbani, betri itabaki.

Na wale wa tiketi mbili za bei nafuu, moja mpaka katikati, nyingine toka katikati? Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui. Mzigo wako unaishia katikati, kuufuata lazima upite uhamiaji, na kupita uhamiaji huenda kukahitaji viza ya nchi ambayo ulitaka kuionea dirishani tu.

Wa basi wasicheke. Basi linakushusha, unagongewa muhuri wa kutoka, unatembea, unagongewa wa kuingia, na huko nje yamepaki mabasi sita ya rangi moja. Piga picha namba ya gari kabla hujashuka, na mkumbuke abiria wa kiti cha jirani, maana dereva anahesabu vichwa akikumbuka. Usiondoke dirishani hujasoma muhuri: tarehe, na idadi ya siku ulizopewa. Siku ya kuingia mara nyingi ndiyo siku ya kwanza, hata ukiingia usiku dakika tano kabla tarehe haijabadilika. Ukiruka muhuri wa kutoka kwa haraka zako, wa ng'ambo atakurudisha ukaufuate, kwa miguu, na shanta.

Simu nayo inachanganyikiwa. Karibu na mpaka inadaka mnara wa huku, inaruka wa kule, na kama nchi zinapishana saa, kengele yako ya alfajiri inacheza pamoja nayo. Weka saa kwa mkono, uzime data ya ng'ambo. Na soma tiketi vizuri: 00:15 tarehe 12 ni saa sita na robo ya usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani kituoni unakwenda tarehe 11 ukishakula cha jioni. Anayejitokeza tarehe 12 usiku anakuta basi la tarehe 13, abiria wake wamekaa, yeye anapunga mkono.

Pesa zinaisha kwa heshima zaidi. Kibanda kimebandika kwamba hakitozi kamisheni. Kweli, faida imo kwenye pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, wewe tazama hizo mbili tu. Sarafu za chuma hawabadilishi, zimalizie upande ulikozipata. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kwa upole kama ikukatie kwa sarafu ya nchi yako, kataa. Upole huo una bei. Kisha benki yako inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya nyumbani, ambayo uliitoa kwenye simu, ukaifunga kwa karatasi, ukaitia ndani ya soksi. Zile soksi.

Unafika saa kumi na moja alfajiri. Chumba kinafunguliwa saa nane mchana. Unauliza kama shanta linaweza kutunzwa, wanakubali, na hiyo ndiyo ndiyo ya kwanza tangu jana. Mchana ukifika unapewa kitanda cha juu, kwenye chumba cha vitanda vinane na soketi mbili. Dunia ina aina 15 za plagi zinazotambulika, adapta yako imeandikwa ni ya dunia nzima, inaingia, inalegea, inaanguka kwa uzito wake. Beba waya mfupi wa kuongezea wenye matundu manne, adapta moja inatosha kuuwasha, na majirani watakupenda mpaka asubuhi. Kama hujaubeba, soketi zote mbili ziko nyuma ya kitanda cha yule anayekoroma.