Silabi Tatu, Vipande Saba

Mwenzenu nipo Seoul natafuta kibarua, na leo sina ugomvi na baridi wala na kimchi. Nimegombana na herufi.

Jana nimetuma wasifu wangu kwenye ofisi moja. Faili nikalipa jina la Kikorea safi kabisa, 이력서, yaani "wasifu", silabi tatu zimetulia kama vyungu kwenye mafiga. Haijapita saa, dada wa mapokezi ananitumia picha ya kioo cha kompyuta yake: ㅇㅣㄹㅕㄱㅅㅓ. Jamani! Jina limeondoka kwangu zima, limefika limekatwakatwa vipande saba kama kuku wa supu.

Nikamfuata mwenzangu wa chumba, Mkorea, fundi wa programu. Akacheka kwanza. Kumbe silabi ya Kikorea unaweza kuihifadhi ikiwa imeshapikwa, namba moja kwa silabi nzima, au ikiwa mbichi, kila herufi na namba yake, ziungwe wakati wa kusomwa. Kompyuta yangu iliweka jina bichi, ya ofisini haikuwa na habari ya kupika. Tena kwa UTF-8, njia ya kawaida ya kompyuta kuhifadhi maandishi, jina lililopikwa lina baiti 9, bichi lina 21. Yaani nimebeba mzigo mkubwa zaidi ili nikaaibike!

"Sasa kwa nini wasichague njia moja?" Hapo nilijiponza, maana alichukua kalamu. Herufi za kuanzia silabi 19, irabu 21, za kufungia 27, na ukihesabu silabi isiyofungwa zinakuwa 28. Zidisha: silabi 11,172. Lakini orodha rasmi ya Korea Kusini ya herufi za kompyuta, ya mwaka 1987, ilichukua silabi 2,350 tu. Hizo 8,822 zilizobaki zikaachwa benchi kama mimi hapa na vyeti vyangu. Hadi 1996, kwenye Unicode, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake, toleo la 2.0, ndipo zote zikapangwa mstari mmoja, kuanzia 가 mpaka 힣, na zilizokuwa na namba za zamani zikahamishwa, mizigo kichwani.

Kati ya zilizoachwa benchi ilikuwamo 똠, na hiyo ndiyo inayoanza jina la supu ya Kithai, 똠얌꿍. Hapo nikakumbuka! Kuna mgahawa walinipa risiti ya supu hiyo ina kisanduku kitupu mwanzoni. Nikabishana na mhudumu robo saa nzima, nikidai wamenitoza kitu nisichokula.

Fundi akaniambia kuna programu ya kuyapika majina ya faili upya. Nikamwambia asante kaka, mimi jiko hilo silitaki. Nikafuta Kikorea chote, nikaandika kwa herufi zangu za a, be, che: wasifu.pdf. Nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nakuta jibu: "Ndugu Wasifu, tumepokea faili lako. Tafadhali tutumie na 이력서."