Homa isiyojulikana chanzo: picha ya mwili mzima ipigwe lini?

Mgonjwa anapanda joto kila jioni, usiku analowesha shuka kwa jasho, na uzito unazidi kupungua. Damu imeoteshwa maabara, hakuna bakteria aliyeonekana. Lakini CRP, protini inayopanda mwili unapokuwa na mchochota, iko juu na haishuki. Mwaka 1961 madaktari Petersdorf na Beeson waliiwekea hali hii mipaka: joto lipite nyuzi 38.3 mara kadhaa, liendelee kwa zaidi ya wiki tatu, na wiki nzima ya uchunguzi hospitalini isitoe jibu. Orodha ya wanaoshukiwa ni ndefu: kifua kikuu kilichojificha nje ya mapafu, jipu la tumboni, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, hata dawa ambayo mgonjwa anaimeza kila siku.

Mjadala mkubwa kwa sasa ni kuhusu PET-CT, picha ya mwili mzima inayounganisha vipimo viwili, PET na CT. Eksirei, ultrasaundi na CT ya kawaida (eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) huonyesha umbo: kitu kimevimba au kimetoboka. PET huonyesha kazi. Mgonjwa hudungwa sukari iliyobandikwa florini-18 yenye mionzi, kisha hulazwa chumba tulivu kwa takriban saa moja. Huombwa asitembee wala asiongee, kwa sababu misuli inayofanya kazi nayo hula sukari na kuichafua picha. Chembe za kinga zilizo vitani huifyonza kwa wingi, na mahali zilipo hung'aa.

Wanaotaka picha hii ipigwe mapema wana hoja nzito. Chukua mtu wa umri wa uzeeni mwenye homa na uchovu tu. CT inaweza kuonyesha aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ikiwa ya kawaida kabisa, ilhali kwenye PET ukuta wake unawaka kuanzia kifuani hadi kwenye mishipa ya mabegani, na utambuzi wa mchochota wa mishipa mikubwa unapatikana. Hata picha isiyo na kitu ina thamani: tafiti zilizounganishwa pamoja zimeonyesha kwamba wenye picha safi wana uwezekano mkubwa zaidi wa homa kuisha yenyewe.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Picha inasema wapi, haisemi nini. Tezi inayong'aa inaweza kuwa kifua kikuu, limfoma au sarkoidosi (ugonjwa wa mchochota unaovimbisha tezi), na mwamuzi ni kinyama kilichokatwa na kupimwa. Mara nyingi uboho na wengu hung'aa kote, jambo linalothibitisha tu kile ambacho CRP ilishasema. Ubongo, kibofu na mara nyingine moyo hung'aa kwa kawaida yao na kuficha yaliyo jirani. Kuna pia uvimbe mdogo wa tezi ya shingo au wa utumbo mpana unaonaswa kwa bahati, ukamwingiza mgonjwa kwenye msururu mwingine wa vipimo usiohusiana na homa yake. Mionzi ipo, na kwa kijana hilo si la kupuuzwa. Na kwa kuwa nguvu ya florini-18 hupungua nusu kila dakika 110 hivi, dawa yenyewe haiwezi kusafirishwa mbali. Hospitali nyingi hazina njia ya kuipata.

Kwangu mimi, kinachoumiza zaidi ni mpangilio. Mgonjwa hupewa steroidi, dawa za kutuliza mchochota, "kujaribu", homa inashuka, wiki mbili baadaye inarudi, ndipo anapelekwa kupigwa picha. Kufikia hapo ukuta wa mshipa umeshatulizwa na dawa na picha inatoka safi kwa uongo. Isipokuwa pale ambapo kuchelewa kunahatarisha macho au uhai, picha itangulie steroidi. Ikishindikana, basi ipigwe ndani ya siku chache za mwanzo.

Kwa hiyo nasimama na wanaosema mapema, kwa sharti: historia ichukuliwe upya, dawa zote zihakikiwe, mgonjwa akaguliwe kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo, na ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) ifanyike kama moyo unashukiwa. CRP ikiwa ya kawaida, matumaini ya picha kutoa jibu hupungua sana. Na ikitoka safi huku mgonjwa akiendelea kudhoofika, kuirudia haraka si hatua ya kwanza. Daktari arudi kitandani, aulize tena, amkague tena, kwa sababu dalili mpya ndiyo itakayoonyesha pa kuchomea sindano.