Wiki kumi na tano za idara ya sosholojia

Taarifa ya mwaka ya idara ya sosholojia huwa na ukurasa mmoja unaosomwa na watu wengi kuliko kurasa zake nyingine zote, nao ni ukurasa wa shughuli. Humo huorodheshwa mihadhara ya wageni, midahalo ya chama cha wanafunzi, ziara za mahakamani na katika makazi ya wazee, siku ya kujitolea, na dodoso ambalo wanafunzi wa mwaka wa pili walilipeleka nyumba kwa nyumba katika mtaa unaopakana na chuo. Uongozi wa chuo huupenda kwa sababu una tarakimu, na kila mwaka tarakimu hizo hupanda. Mhadhiri anayethubutu kusema kikaoni kwamba shughuli za nje zipunguzwe hutazamwa kama mvivu, au kama mtu wa maktaba asiyetaka viatu vyake vishike vumbi. Naamini mhadhiri huyo anaeleweka vibaya, na kwamba mara nyingi ndiye anayeijali jamii kuliko wanaompinga.

Kabla ya kumtetea, ni haki kukiri kwamba wanaotaka shughuli nyingi wana hoja za kweli. Mwanafunzi aliyesoma sura nzima kuhusu ukosefu wa makazi hubadilika anapoketi na mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba wiki iliyopita. Dhana ya tabaka hupata sura na sauti, na maswali anayorudi nayo darasani huwa mazuri kuliko yale ya kitabuni. Waajiri nao huwauliza wahitimu wamefanya nini, si wamesoma nini tu. Zaidi ya hayo, idara isiyoonekana nje ya kuta zake hupata tabu kujieleza bajeti inapokatwa.

Historia ya taaluma nayo, kwa mtazamo wa kwanza, iko upande wao. Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House, nyumba ya kuishi na kuhudumia majirani katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago, mwaka 1889, miaka mitatu kabla ya Chuo Kikuu cha Chicago kuanzisha idara yake ya sosholojia. Mwaka 1895 wakazi wa nyumba hiyo walichapisha ramani zilizoonyesha, kwa rangi, asili na mapato ya familia katika mitaa iliyowazunguka, kazi ambayo kwa vipimo vya leo ni utafiti wa kijamii bila shaka yoyote. Florence Kelley, aliyeongoza sehemu kubwa ya ukusanyaji wa takwimu hizo, alikuwa tangu 1893 mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo la Illinois. Kwa hiyo Michael Burawoy alipotumia hotuba yake ya urais wa Chama cha Sosholojia cha Marekani mwaka 2004 kudai sosholojia ya umma, yaani ile inayozungumza na watu walio nje ya chuo, alikuwa akiirudisha taaluma kwenye mlango iliyoingilia. Anayedhani uhusiano na jamii ni pambo lililoongezwa juzi hajui taaluma ilikotoka.

Hata hivyo, mifano hii inaposimuliwa kwenye vikao kuna jambo moja ambalo huachwa kila mara, nalo ni muda. Addams hakuitembelea Hull House. Aliishi kwenye kazi hiyo tangu 1889 hadi kifo chake mwaka 1935. Mwanasosholojia Mmarekani W. E. B. Du Bois alipoajiriwa mwaka 1896 kuchunguza maisha ya watu weusi wa Philadelphia, alihamia na mkewe katika kata ya saba, akabisha hodi mlango kwa mlango yeye mwenyewe, akakaa huko zaidi ya mwaka mmoja, na kitabu kikatoka 1899. Pamoja na yote hayo, alikuja kuandika baadaye kwamba wenyeji hawakumpokea kwa mikono miwili, kwa kuwa hawakupenda kuchunguzwa kana kwamba ni viumbe wa ajabu. Ikiwa hilo lilimpata msomi mweusi aliyeishi katikati yao, sijui tunatarajia nini kwa kijana anayeshuka kwenye basi la chuo saa nane mchana na kuondoka saa kumi.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mjadala wote ulipo ingawa haufanywi hivyo. Muhula wa kawaida una wiki 15. Wiki mbili za kwanza wanafunzi bado wanajisajili na kubadili kozi. Ya tatu huliwa na fomu, maelekezo na kutafuta asasi ya kupokea. Katikati kuna wiki moja ya mapumziko au ya majaribio, na mbili za mwisho ni za mitihani. Zinabaki 9. Kwa saa mbili kila wiki, mwanafunzi mmoja hutoa saa 18, na darasa la watu 30 hutoa saa 540. Namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye taarifa, pengine kwa herufi nzito.

Sasa tuhamie upande wa pili wa meza. Asasi yenye waajiriwa wawili au watatu imepokea wageni 30 ambao lazima waelezwe kazi, watambulishwe kwa wahusika, wasimamiwe, wasahihishwe na hatimaye watiliwe sahihi fomu za mahudhurio. Tukadirie saa tatu tu za mwajiriwa kwa kila mwanafunzi: ni saa 90, zaidi ya wiki mbili kamili za kazi za mtu mmoja, kwa hesabu ya saa 40 kwa wiki. Wakati huohuo sehemu ya zile saa 540 ni saa za kujifunza pa kuketi na nani ni nani, na mwanafunzi anapoanza kufaa muhula unakwisha. Muhula unaofuata wanakuja 30 wengine, nao wanaanza upya pale walipoanzia wenzao. Mwenye kutaka anaweza kupunguza makadirio yangu kwa nusu. Bado gharama ipo, na bado haiandikwi popote. Saa 540 zina ukurasa wake, saa 90 hazina. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu na kila ninapolirudia naona kwamba, kwa idara nyingi, mtoaji na mpokeaji wamebadilishana nafasi bila kuambiwa. Asasi ndiyo inayofundisha, tena bure, na chuo ndicho kinachohesabiwa wema.

Dodoso la mwaka wa pili lina kasoro yake ya peke yake. Mtaa ulio karibu na chuo huchaguliwa kwa sababu uko karibu, si kwa sababu una swali linalotaka jibu. Familia zilezile huulizwa mapato yao, idadi ya watoto na imani yao kwa polisi, muhula baada ya muhula. Kwa kuwa ni zoezi la darasani na halikusudiwi kuchapishwa, katika vyuo vingi halipitii kamati ya maadili ya utafiti. Likishasahihishwa, linaishia kabatini kwa mhadhiri. Mjibu dodoso, basi, hapati ulinzi wa mtafitiwa wala mrejesho. Tunawafundisha wanafunzi sura nzima juu ya ridhaa, kisha tunawatuma kufanya jambo ambalo ridhaa yake ni adabu ya mwenye nyumba tu.

Kuna wapinzani wa shughuli za nje wa aina nyingine, wale wanaomkimbilia mwanasosholojia Mjerumani Max Weber na mhadhara wake wa Munich wa 1917, aliposema kwamba mwalimu asitumie mimbari kuwahubiria siasa wanafunzi wasioweza kumjibu. Onyo hilo lina maana darasani, lakini halisemi lolote juu ya kwenda mtaani, na mhadhiri ninayemtetea hana sababu ya kulitegemea. Hadai sosholojia ijitenge. Anadai iende mahali pachache na ikae.

Kukaa kumewahi kujaribiwa. Orlando Fals Borda, mmoja wa waanzilishi wa idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Kolombia mwaka 1959, aliiacha kazi ya chuo na katika miaka ya 1970 akafanya utafiti pamoja na vyama vya wakulima wa pwani ya Karibi ya nchi hiyo. Sehemu ya matokeo ilirudishwa kwa wakulima katika vijitabu vya katuni, ili asiyezoea kusoma ajadili historia ya ardhi yake. Vyuo vya Uholanzi, katika miaka hiyohiyo, vilifungua ofisi zilizoitwa maduka ya sayansi. Kikundi cha wananchi kisicho na fedha huleta swali lake, kikithibitisha kwamba hakitafuti faida ya biashara na kwamba kinaweza kuyatumia majibu, na wanafunzi hulifanyia kazi chini ya msimamizi. Faida kubwa ya mpango huo, kwa maoni yangu, ni kwamba ofisi haina muhula. Mwanafunzi huondoka, faili hubaki, na swali halikutoka kwenye muhtasari wa kozi.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi linatoka kwa wanafunzi wenyewe. Anayefanya kazi ya kibarua jioni ili alipe ada hawezi kuahidi miaka miwili kwa asasi yoyote, na mpango mrefu utawafaa zaidi wale ambao wazazi wao wanawalipia. Ziara ya siku moja huenda ndiyo pekee aliyo na nafasi nayo. Tena, idara nyingi hutegemea wahadhiri wa mikataba mifupi, ambao hawajui kama mwakani watakuwapo. Na ukaribu wa muda mrefu una hatari yake: kiongozi wa asasi moja huzoeleka, akageuka kuwa msemaji wa mtaa mzima machoni pa idara, huku wanaopingana naye wakikosa mlango. Sina jibu kamili kwa haya, isipokuwa kwamba saa za nje zikihesabiwa ndani ya kozi badala ya kuongezwa juu yake, na faili zikiwa za idara badala ya mwalimu, uzito hupungua. Mihadhara ya wageni na midahalo ya chama cha wanafunzi ibaki kama ilivyo, kwa kuwa jioni moja ukumbini haimchoshi jirani yeyote.

Mhadhiri wetu akisikilizwa, ukurasa wa shughuli utafupika, na mkuu wa idara atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini asasi nane zimekuwa mbili. Huenda akahitaji safu mpya katika jedwali lake: swali lilitoka kwa nani, majibu yalirudishwa lini, na katikati ya likizo, asasi ilipopiga simu kuomba takwimu zake, ni nani aliyeipokea.